Barua Ionyeshwe, Isitende: Mjadala kuhusu HTML katika Barua Pepe

Barua pepe ilizaliwa ikiwa maandishi matupu. Waraka wa kiufundi uitwao RFC 822, ulioandaliwa na David Crocker na kutolewa mwaka 1982, uliweka utaratibu wa ujumbe wenye kichwa kinachotaja mtumaji, mpokeaji na mada, ukifuatiwa na mwili wa herufi za kawaida zisizo na rangi wala picha. Miaka 10 baadaye Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu wa MIME, ambao uliruhusu ujumbe mmoja kubeba sehemu kadhaa za aina mbalimbali, kila sehemu ikiwa na lebo inayoitambulisha kuwa ni maandishi, picha, sauti au faili la namna nyingine. Kwa mlango huo ndipo ilipoingia HTML, yaani lugha ya alama inayotumika kutengeneza kurasa za wavuti, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 programu mashuhuri za barua pepe zilikuwa zikiuonyesha ujumbe kama zinavyoonyesha vivinjari ukurasa wowote wa intaneti.

Swali linalojadiliwa hapa ni kama programu ya barua pepe inapaswa kuuonyesha ujumbe wa namna hiyo kama mtumaji alivyoutengeneza, au inapaswa kuuvua mapambo yote na kumpa mpokeaji maneno peke yake. Sauti nne zimepewa nafasi: Mlinzi, ambaye kazi yake ni usalama wa mifumo ya ofisi, Mbunifu, atengenezaye majarida na matangazo yanayotumwa kwa barua pepe, Msomaji, ambaye haoni na hutegemea kisoma skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi kuwa sauti, na Mhandisi, aandikaye programu zenyewe. Sauti hizo zinawakilisha misimamo, si watu mahususi, na msimamo wa makala utajitokeza zinapogongana.

Mlinzi: Ndugu washiriki, ushahidi wa kwanza ni historia yenyewe. Zamani watumiaji waliambiwa kwamba kuusoma ujumbe hakuna madhara, na kwamba hatari huanza pale mtu anapofungua kiambatisho. Na ushauri huo ulikuwa wa kweli maadamu ujumbe ulikuwa maandishi. Novemba 1999 ikajitokeza programu haribifu iliyoitwa BubbleBoy, isiyokuwa na kiambatisho chochote, kwa kuwa ilijificha ndani ya HTML ya ujumbe ikiwa skripti, yaani mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza papo hapo. Katika programu ya Outlook Express ilitosha ujumbe huo uonekane kwenye kidirisha cha hakikisho, mtu asiufungue kabisa, na maagizo yakaanza kazi. BubbleBoy haikuenea sana, lakini KakWorm, iliyotumia kasoro ileile mwishoni mwa mwaka huohuo, ilizagaa kwa kujibandika kwenye ujumbe ambao mwenye kompyuta aliutuma kwa nia njema. Septemba 2001 ikafuata Nimda, ambayo miongoni mwa njia zake ilikuwa kulitambulisha faili la programu kwa lebo ya MIME kuwa ni sauti, ili kivinjari cha Internet Explorer, ambacho ndicho kilichoazimwa kuonyesha HTML ya barua pepe, kilifungue chenyewe. Si ajabu basi kwamba mwishoni mwa mwaka 2006 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliamua kuizuia HTML katika barua pepe zake na kuugeuza ujumbe kuwa maandishi matupu.

Mbunifu: Ndugu Mlinzi anaeleza maradhi ambayo dawa yake imekwisha kupatikana. Yote matatu yalitegemea kitu kimoja, ambacho ni ruhusa ya ujumbe kuendesha maagizo, na ruhusa hiyo imeondolewa miaka mingi sasa, kiasi kwamba hakuna programu ya barua pepe yenye kuheshimika inayokubali kuendesha skripti iliyomo ndani ya ujumbe. Kukoza maneno, kuweka kichwa cha habari, kupanga bei katika jedwali na kuonyesha picha ya bidhaa si kuendesha maagizo. Tena kama maandishi matupu yangekuwa kinga, Tanzania isingejua kabisa ujumbe wa simu usemao ile pesa itumwe kwenye namba hii, ambao hauna rangi, hauna picha, hauna kiungo, na bado umewaliza watu wengi wenye akili timamu. Mtu hudanganywa kwa maneno, hata yakiwa matupu.

Jibu hilo lina uzito, na Mlinzi hawezi kulipita. Hata hivyo linaficha jambo ambalo ndilo kiini cha mjadala, kwamba neno HTML katika barua pepe limebeba nguvu tatu zilizo tofauti. Ya kwanza ni nguvu ya kutenda, yaani kuendesha maagizo, ambayo Mbunifu anakiri ilistahili kuondolewa. Ya pili ni nguvu ya kuita nje, yaani kuiagiza programu ya mpokeaji iende kwenye kompyuta nyingine ya mbali, iitwayo seva, ikachukue picha, herufi au mtindo wa kupamba. Ya tatu ni nguvu ya sura, yaani kuamua nini kionekane, wapi, na kwa umbo gani. Watetezi wa HTML huitetea ya tatu, na wapinzani wake huishambulia ya kwanza, ilhali madhara makubwa ya miaka ya karibuni yamepitia ya pili, ambayo haionekani kwa macho.

Mlinzi: Basi na tuingie katika hiyo ya pili. Picha iliyomo kwenye ujumbe wa HTML mara nyingi haimo ndani ya ujumbe, bali ujumbe una anwani tu ya mahali picha ilipo, na programu inapoionyesha lazima iende kuiomba kwa seva ya mtumaji. Ombi hilo moja humwarifu mtumaji kwamba ujumbe umefunguliwa, saa ngapi, kwa kifaa cha aina gani, na kutoka katika anwani gani ya mtandao, ambayo nayo hudokeza mji au hata ofisi. Watumaji wameligeuza jambo hilo kuwa nyenzo: huweka picha yenye ukubwa wa pikseli moja tu, isiyo na rangi, na huipa kila mpokeaji anwani yake ya pekee, ili ajulikane ni nani aliyefungua. Mwaka 2006 ilibainika mbele ya Bunge la Marekani kwamba wapelelezi wa kampuni ya Hewlett-Packard walimtumia mwandishi wa habari ujumbe uliotegewa kifaa cha kufuatilia, kwa matumaini kwamba angeupeleka kwa mtu aliyekuwa akimpa habari za siri za bodi. Barua ya posta haijapata kumwambia mwandishi wake kwamba imefunguliwa saa 4 usiku, na hakuna sababu ya barua pepe kupewa uwezo huo bila ya msomaji kuulizwa.

Mbunifu: Anayetuma jarida kwa watu elfu kadhaa anahitaji kujua kama linasomwa, ili asiendelee kuwasumbua wasiolitaka. Tena makampuni makubwa yamekwisha kulishughulikia jambo hilo bila ya kuua picha. Outlook ya mwaka 2003 ilianza kuzuia picha za nje mpaka mpokeaji aruhusu. Desemba 2013 Gmail ikaanza kuzionyesha picha kupitia seva za Google zenyewe, hivyo mtumaji haioni tena anwani ya mtandao ya mpokeaji. Septemba 2021 Apple nayo ikawapa watumiaji wa programu yake ya barua pepe kinga inayozichukua picha zote mapema kupitia seva za kati, hata kama mtu hajaufungua ujumbe, na kwa wanaoitumia hesabu ya waliofungua imepoteza maana.

Msomaji: Hesabu hiyo imepoteza maana, lakini tabia iliyoizaa haijaisha. Kama lengo ni kujua nani hataki jarida, kiungo cha kujiondoa kilichoandikwa kwa herufi zinazosomeka kingetosha, na mpokeaji angekuwa amesema mwenyewe badala ya kupelelezwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinahusu taarifa za mtu anayetambulika, na ni vigumu kuona jinsi picha iliyopewa anwani ya pekee kwa ajili ya mtu mmoja, mwenye jina na anwani ya barua pepe, inavyoweza kuwa nje ya maana hiyo.

Katika suala hili makala inasimama upande wa Msomaji bila ya kusita. Njia ya Gmail huificha anwani ya mtandao ya mpokeaji, lakini bado humwachia mtumaji habari kwamba ujumbe umefunguliwa. Njia ya Apple huiharibu habari hiyo kwa kuitapakaza. Na zote mbili huhamisha imani ya mpokeaji kutoka kwa mtumaji kwenda kwa kampuni kubwa inayosimama katikati, ambayo sasa ndiyo inayopitisha kila picha. Mpangilio wa mwaka 2003, wa kutoita nje mpaka mwenye barua aseme ndiyo, ulikuwa wa haki zaidi, kwa kuwa uliiweka hiari mahali inapostahili.

Mhandisi: Suala la kuita nje halikomei kwenye faragha ya matangazo, na mfano wake mzito ni ule uliotangazwa Mei 2018 kwa jina la EFAIL na watafiti wa vyuo vya Münster na Bochum nchini Ujerumani pamoja na Leuven nchini Ubelgiji. Ulihusu barua pepe zilizofichwa kwa usimbaji, yaani zilizogeuzwa kuwa herufi zisizosomeka ambazo ni mwenye ufunguo peke yake anayeweza kuzirudisha katika maneno. Waandishi wa habari, mawakili na watetezi wa haki hutegemea usimbaji huo wa OpenPGP na S/MIME pale ambapo kukamatwa kwa barua moja kunaweza kumgharimu mtu uhuru wake. Usimbaji wenyewe kwa kawaida hauvunjwi kwa urahisi. Watafiti hawakuhitaji kuuvunja.

Mshambuliaji aliyekwisha kuinasa barua iliyofichwa hutengeneza ujumbe mpya wenye sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni HTML inayofungua alama ya picha na kuanza kutaja anwani ya seva ya mshambuliaji, lakini inaiacha anwani hiyo bila ya alama ya kufunga nukuu. Sehemu ya pili ni barua ile iliyonaswa, ikiwa bado imefichwa. Sehemu ya tatu ni HTML inayoifunga ile nukuu. Ujumbe hutumwa kwa mwenye ufunguo, ambaye programu yake, kwa uaminifu wote, huifumbua sehemu ya pili, kisha huziunganisha sehemu zote tatu kuwa ukurasa mmoja. Sasa maneno ya siri yamekaa katikati ya anwani ya picha. Programu inapokwenda kuiomba picha hiyo, hulazimika kuitaja anwani yote, na kwa kuitaja humkabidhi mshambuliaji barua nzima ikiwa imefumbuliwa. Apple Mail na Thunderbird zilikuwa miongoni mwa zilizonaswa na mtego huo. Mtego huo ukihesabiwa pamoja na mashambulizi mengine ya utafiti huohuo, yaliyobadilisha maandishi yaliyofichwa yenyewe, programu 23 kati ya 35 zilizopimwa kwa S/MIME na 10 kati ya 28 zilizopimwa kwa OpenPGP zilionekana kuwa na udhaifu.

Mlinzi: Na dawa ya haraka iliyopendekezwa ilikuwa nini, ndugu Mhandisi?

Mhandisi: Kuzima uonyeshaji wa HTML, au kuifumbua barua nje ya programu ya barua pepe. Kwa hiyo hoja ya Mlinzi ilikuwa na nguvu siku hiyo. Lakini ikichunguzwa, kasoro ilikuwa mbili: programu iliunganisha sehemu zilizotoka kwa watu tofauti kana kwamba ni maandishi ya mtu mmoja, na ikauruhusu ukurasa uliozaliwa kwa muungano huo kuita nje. Ikizuiwa ya pili, barua ya siri haina njia ya kutokea, hata kama maneno yake yamekozwa na kupangwa katika jedwali.

Msomaji: Inafaa jambo hilo lisemwe kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu kila panapotokea hofu ya usalama, wa kwanza kupoteza ni wale ambao HTML kwao si pambo. Kisoma skrini kinapopewa ujumbe wenye alama za vichwa vya habari, humwezesha asiyeona kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kinapopewa jedwali lenye alama sahihi, hutaja safu na mstari, ili mtu ajue kwamba 45,000 ni ada ya muhula wa pili na si ya muhula wa kwanza. Na kinapoambiwa kwa alama kwamba aya fulani ni ya Kiswahili, huweza kuisoma kwa matamshi ya Kiswahili ikiwa sauti hiyo imo katika kifaa. Jedwali lililochorwa kwa nafasi na vistari katika maandishi matupu husomwa kama mlolongo wa vistari. Pamoja na hayo, lazima isemwe pia kwamba sehemu kubwa ya majarida ya Mbunifu haitumii neema hiyo. Tangazo zima huwa picha moja kubwa isiyo na maelezo ya maneno, ambalo kwa asiyeona ni ukimya, na kwa anayezuia picha ni kisanduku kitupu.

Mbunifu: Lawama hiyo inakubalika. Lakini MIME iliacha nafasi ya kuuambatanisha ujumbe wa HTML na nakala yake ya maandishi matupu, ili kila programu ichague inayoifaa.

Mhandisi: Nakala hiyo ndiyo inayopuuzwa kuliko kitu kingine chochote. Mara nyingi huwa tupu, au hubeba mstari mmoja unaomwelekeza mpokeaji afungue kivinjari, kitendo ambacho humtoa katika programu iliyowekewa mipaka na kumpeleka kwenye ukurasa wenye uhuru wote. Mbaya zaidi, hakuna kinacholazimisha nakala mbili zifanane, na mdanganyifu anaweza kuweka maneno ya heri katika moja na hadaa katika nyingine. Ndiyo maana jibu la haki si nakala mbili, bali ni uonyeshaji uliopunguzwa nguvu. Thunderbird, kwa mfano, humpa mtumiaji njia tatu: HTML kama ilivyotumwa, HTML nyepesi, na maandishi matupu. Hiyo ya katikati ndiyo inayopaswa kuwa chaguo-msingi, yaani hali ambayo programu huanza nayo kabla ya mtu kubadilisha lolote, kwa sababu watumiaji wengi hawabadilishi kitu.

Kuipunguza nguvu HTML, hata hivyo, ni kazi ngumu. Kichujio kinachotafuta alama mbaya ili kiziondoe hushindwa siku inapobuniwa alama mbaya mpya. Kwa hiyo inafaa kukubali orodha fupi ya alama zinazojulikana na kuyatupa yote mengine. Hata hilo halitoshi, kwa kuwa utafiti wa Mario Heiderich na wenzake wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maandishi yanayotoka katika kichujio yakiwa safi huweza kubadilika kivinjari kinapoyasoma upya na kuyarekebisha. Oktoba 2023 kampuni ya ESET ilieleza jinsi kundi la wadukuzi liitwalo Winter Vivern lilivyotumia kasoro ya Roundcube, programu ya barua pepe inayoendeshwa ndani ya kivinjari, dhidi ya taasisi za serikali barani Ulaya. Skripti ilifichwa ndani ya SVG, ambayo ni picha inayoandikwa kwa alama, ikaukwepa uchujaji, na mpokeaji hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kuuona ujumbe. Kwa hiyo nyuma ya kichujio lazima uwepo ukuta wa pili: ujumbe uonyeshwe ndani ya fremu iliyonyimwa ruhusa ya skripti na ruhusa ya kuita nje, ili hata uchafu uliopenya usiwe na mkono wala mdomo.

Maelezo ya Mhandisi yanaonyesha pia kwamba Mbunifu aliharakisha kudai kuwa nguvu ya kutenda ilikwisha kuondolewa, kwani miaka 24 baada ya BubbleBoy ilirudi kupitia barua pepe za kivinjari. Ilibaki nguvu ya sura, ambayo Mlinzi aliirejea kwa upande wa viungo.

Mlinzi: HTML humruhusu mtumaji kuandika anwani ya benki kwa macho ya msomaji, na chini yake kuweka anwani nyingine ambayo ndiyo itakayofunguliwa. Kwenye kompyuta ya mezani mtu anaweza kuweka kielekezi juu ya kiungo na kuiona anwani halisi. Lakini katika Afrika Mashariki wengi husoma barua pepe kwenye simu, na kwenye kioo hakuna kielekezi. Mafunzo ya kila mwaka yanayowaambia wafanyakazi wawe makini na viungo yanawabebesha wao mzigo wa kitu ambacho programu imewaficha.

Mhandisi: Ni kweli, na programu inaweza kuutua mzigo huo. Maneno ya kiungo yanapofanana na anwani, na anwani ya chini yake ikawa nyingine, programu inaona tofauti hiyo mara moja na inapaswa kuionyesha kabla ya kufungua.

Mlinzi: Iongezwe kwamba msomaji wa leo si mtu peke yake. Juni 2025 watafiti wa Aim Labs walitangaza udhaifu walioupa jina la EchoLeak katika Microsoft 365 Copilot, msaidizi wa akili unde anayesoma barua na nyaraka za mtumiaji ili amjibu maswali yake. Ujumbe mmoja kutoka nje, uliobeba maagizo ambayo msaidizi angeyafuata, uliweza kumfanya akusanye habari za ndani na kuzitoa kwa kuzitia katika anwani ya picha. Microsoft ilikwisha kuziba pengo hilo, lakini njia ya kutokea ilikuwa ileile ya EFAIL. Na kwa kuwa maagizo ya namna hiyo yanaweza pia kufichwa yasionekane, msaidizi asipewe neno lolote ambalo jicho la mpokeaji halilioni.

Mhandisi: Kuyajua maneno yasiyoonekana kunadai kazi. Yapo yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, yaliyopewa ukubwa wa sifuri, na yaliyosukumwa nje ya ukingo wa kioo, na programu haiwezi kuyatambua yote kwa kusoma alama tu, bali kwa kuupanga ukurasa kwanza na kupima kinachobaki mbele ya macho. Inawezekana, lakini watumaji wa majarida watalalamika.

Mbunifu: Watalalamika, kwa sababu ni desturi ya kazi hii kuficha mstari mmoja mwanzoni mwa ujumbe, usioonekana ndani yake, ili uonekane tu kwenye orodha ya barua pembeni ya mada na kumvutia mtu afungue. Mstari huo ukikatwa, orodha itaonyesha maneno ya kwanza ya barua yenyewe. Hasara hiyo inabebeka. Atakayetaka maneno mazuri yaonekane kwenye orodha itambidi aianze barua yake kwa maneno mazuri.